Kutoka Mwambao hadi Kiwanja: Historia ya Neno "Ufukwe" na Haki za Ardhi katika Mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa tangu 1890

IKISIRI

Makala hii inachunguza historia ya neno ufukwe katika mwambao wa Ziwa Nyasa ulioko mkoani Ruvuma, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipoundwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Inafuatilia namna neno lililotaja ukanda wa mchanga unaotumiwa na wengi lilivyogeuka polepole kuwa jina la aina ya mali. Hoja kuu ni kwamba ufukwe wa Nyasa ni mahali panapohama pamoja na maji, ilhali mkataba wa 1890, sheria za ardhi za vipindi vilivyofuata na hatimaye soko la viwanja vyote vimeuchukulia kuwa mstari usiohama. Kila mara ufukwe ulipogeuzwa mstari, matumizi ya pamoja ya wavuvi na waanikaji samaki yalikosa jina katika maandishi, na kisichokuwa na jina katika maandishi kilikuwa vigumu kutetewa. Makala inahitimisha kwamba kurejesha majina ya matumizi hayo katika mipango ya ardhi ya vijiji ni suala la haki kabla ya kuwa suala la lugha.

1.0 Utangulizi

Mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa ni ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa kati ya maji na milima. Kaskazini unaanzia karibu na mdomo wa Mto Ruhuhu, jirani na Lituhi, na kusini unaishia Chiwanda, karibu na mpaka wa Msumbiji. Katikati yake kuna Liuli na Mbamba Bay, pamoja na vijiji vingi vinavyoishi kwa uvuvi, mihogo na mpunga wa mabondeni. Juu yake, upande wa mashariki, ndiko kwenye nyanda za Umatengo, nchi ya kahawa na ya kilimo cha ngoro, ambako mji wa Mbinga ulipo.

Kwa muda mrefu watu wa maeneo hayo mawili walihesabiwa katika wilaya moja, lakini hawakuishi na ardhi kwa namna moja. Milimani, ardhi ina kina na mteremko, na alama za umiliki wake ni miti, makaburi na mashimo ya ngoro. Ufukweni, sehemu ya ardhi yenye thamani kubwa kuliko zote ni mchanga mtupu usiooteshwa kitu. Tofauti hiyo ndiyo inayolifanya swali la neno ufukwe kuwa swali la historia. Sheria huuliza ni nani aliyeonekana akiimiliki ardhi. Katika mchanga mtupu jibu hutegemea neno analolitumia anayeutazama.

Makala inaanza kwa kuchambua maneno ya Kiswahili yanayotaja ukingo wa maji. Kisha inafuata mfuatano wa vipindi: mkataba wa mpaka wa 1890, sheria za ardhi za Wajerumani na Waingereza, kipindi cha vijiji, sheria za 1999 na 2004, na kipindi cha karibuni ambapo ufukwe umeingia sokoni.

2.0 Maneno ya Ukingo wa Maji

Kiswahili hakina neno moja la ukingo wa maji. Kina maneno kadhaa, na kila moja linamweka msemaji wake mahali tofauti.

Neno pwani limetokana na kitenzi -pwa, yaani maji kurudi nyuma na kuacha nchi wazi. Katika Bahari ya Hindi, ambako maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, pwani kwa asili ni eneo linaloachwa wazi na maji, ambako watu hushuka kutafuta chaza, pweza na vitu vingine vya kula. Msemaji wa neno hili amesimama nchi kavu akisubiri maji yatoke.

Neno mwambao lina uhusiano na kitenzi -ambaa, yaani kupita kandokando ya kitu bila kukigusa, kama chombo kinavyoiambaa nchi. Msemaji wake yumo chomboni. Anaitazama nchi kutoka majini, na anachokiona ni ukanda mrefu wenye watu, bandari na vilele vya kumwongoza. Ndiyo maana neno hili lilifaa kutaja nchi nzima na watu wake. Katika pwani ya Kenya, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwambao lilikuwa jina la harakati za kisiasa za watu waliotaka ukanda wa pwani uwe na utawala wake wenyewe.

Maneno ufuko, ufukwe na ufuo yana maana zinazokaribiana sana. Yote hutaja ukanda wa mchanga ulio kando ya maji, na wingi wa ufukwe ni fukwe. Tofauti na mwambao, neno hili halibebi watu ndani yake. Mwambao una wenyeji, lakini ufukwe una mchanga. Sifa hiyo ndogo ya kimaana itakuwa na uzito mkubwa huko mbele.

Kundi la mwisho ni maneno ya kazi. Visiwani Zanzibar na sehemu nyingine za pwani, mahali wavuvi wanaposhushia samaki huitwa diko. Katika Ziwa Victoria huitwa mwalo, na neno mwalo, kwa wingi mialo, limekuwa neno la kiserikali la maeneo ya kupokelea samaki katika maziwa yote ya Tanzania. Katika Kichewa, lugha iliyo pacha na Kinyanja, doko ni mahali pa kufikia vyombo, na gombe ni ukingo wa mto au ziwa. Maneno haya hayatofautishi nchi na maji kwa mstari. Yanataja mahali ambapo kazi ya majini hukutana na kazi ya nchi kavu.

Ziwa Nyasa halina maji kupwa na kujaa kwa siku kama bahari. Hata hivyo lina kupwa kwake. Kila mwaka maji hupanda wakati wa mvua, hufikia kilele karibu na Aprili na Mei, kisha hushuka hadi Novemba na Desemba, kwa tofauti ya takriban mita 1. Juu ya mzunguko huo kuna mwingine mrefu zaidi. Kuanzia 1915 hadi 1935 maji ya ziwa yalikuwa chini kiasi kwamba Mto Shire, ambao ndio pekee unaotoka ziwani, ulikoma kuyatoa. Baadaye maji yalipanda, na kufikia 1980 yalikuwa takriban mita 477 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 5 juu ya kiwango cha 1915. Katika maisha ya mtu mmoja, ufukwe wa Nyasa ulikuwa umehama.

Kwa mvuvi wa Liuli au Lituhi jambo hilo halikuwa geni. Mchanga wa Mei si mchanga wa Novemba. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huanikwa juu ya mchanga, miamba na vichanja, na nafasi ya kuanika hupanuka au kupungua kadiri maji yanavyokwenda. Matumizi ya namna hiyo yanahitaji uhuru wa kusogea. Hayawezi kutimizwa kwa kipande kilichopimwa mara moja kwa pembe nne.

3.0 Ufuko Usio na Upana: Mkataba wa 1890

Kabla ya mkataba wa Nyasa, madola ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuupima ukingo mwingine wa maji. Katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, Sultani wa Zanzibar alitambuliwa kuwa na ukanda wa pwani wa bara wenye upana wa maili 10 kutoka baharini. Kipimo hicho kilichorwa mezani, lakini kilikuwa na maana moja muhimu: kilikubali kwamba pwani ina upana, kwamba ni nchi yenye watu na mtawala, na kwamba inaweza kukodishwa au kuuzwa. Ujerumani ilipoinunua sehemu yake mwaka 1890, ililipa mark milioni 4.

Katika Ziwa Nyasa mambo yalikuwa tofauti. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, unaojulikana kama Mkataba wa Heligoland na Zanzibar, ulielekeza mpaka ufuate Mto Ruvuma hadi unapokutana na Mto Msinje, kisha uelekee magharibi kwa mstari wa latitudo hadi ufuko wa Ziwa Nyasa, na kutoka hapo ufuate ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Mto Songwe. Matini ya Kijerumani hutumia neno Ufer, linalotaja ukingo wowote wa maji, wa mto au wa ziwa, uwe wa mchanga au wa mawe. Katika neno hilo ufuko hauna upana wowote. Ni mstari ambapo kitu kimoja kinaisha na kingine kinaanza.

Walioandika mkataba hawakuwa na sababu ya kufikiria zaidi. Tangu David Livingstone alipofika ziwani Septemba 1859, ziwa lilichukuliwa kuwa uwanja wa wamisionari na wafanyabiashara wa Kiingereza. Misheni ya UMCA ilikuwa na makao yake katika Kisiwa cha Likoma, ikihudumia pande zote za maji kwa lugha ya Kinyanja. Kwa wajumbe waliokutana Berlin, ziwa lilikuwa njia ya meli na ufuko ulikuwa ukomo wake. Hata hivyo kifungu cha 6 cha mkataba huohuo kiliruhusu mistari iliyochorwa irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Kwa maneno mengine, walioandika walijua kwamba mstari wa mezani ungekutana na nchi halisi.

Matendo ya miaka iliyofuata yanaonyesha kwamba nchi halisi haikuutii mstari huo. Wajerumani waliweka ziwani meli ya Hermann von Wissmann mwaka 1893, na bandari yake ilikuwa Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli. Jina hilo la Kijerumani lilitokana na mwamba wa hapo ulioonekana kufanana na sanamu ya Sphinx ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann hapo Sphinxhafen ikiwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Tukio hilo husimuliwa kama moja ya mapambano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa historia ya ufukwe lina maana nyingine. Kwa tafsiri kali ya mkataba, meli ile ilikuwa ndani ya himaya ya Wajerumani wakati huo tu ilipokuwa imekaa mchangani, na kila ilipoelea ilikuwa katika maji ya wengine. Bandari isiyo na maji haina maana, na kwa miaka 20 Wajerumani waliitumia Sphinxhafen kama bandari.

Baada ya vita, pande zote mbili za ziwa zilikuwa chini ya Uingereza, na swali likapoa. Baadhi ya ramani za kipindi hicho ziliuonyesha mpaka katikati ya maji, nyingine ufukoni. Lilifufuka baada ya uhuru. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania chini ya Rais Julius Nyerere ilieleza rasmi kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa. Serikali ya Malawi chini ya Rais Kamuzu Banda iliukataa msimamo huo kwa kuushikilia mkataba wa 1890. Mgogoro uliibuka tena mwaka 2012 kufuatia mipango ya utafutaji wa mafuta ziwani, na usuluhishi ukapelekwa kwa jopo la marais wastaafu wa Afrika likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji.

Makala hii haikusudii kuamua mgogoro huo. Inaonyesha kilichomo ndani ya neno lenyewe. Ikiwa mpaka ni ufuko, na ufuko huhama, basi ama mpaka unahama pamoja na maji, ama umebaki mahali ambapo maji ya 1890 yaliishia. Kwa tafsiri ya kwanza, familia ambayo uwanja wake ulifunikwa na maji mwaka 1980 ilipoteza sehemu ya nchi yake bila kusogea hatua moja. Kwa tafsiri ya pili, mpaka ulikuwa ama chini ya maji ama juu ya mashamba, bila alama ya kuonekana kwa macho. Neno lililochaguliwa kwa urahisi wa mezani halikuwa na jibu kwa watu walioishi juu yake.

4.0 Mchanga Usio na Mwenyewe, 1895 hadi 1975

Mpaka ulihusu madola. Sheria za ardhi zilihusu kaya. Amri ya kifalme ya Kijerumani ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni ardhi ya dola, isipokuwa ile ambayo watu binafsi, watemi au jumuiya za wenyeji wangeweza kuthibitisha kuwa ni yao. Uzito wote ulikuwa katika neno kuthibitisha. Ofisa wa boma aliyepita njiani alitafuta alama za kuonekana: shamba lililolimwa, nyumba, uzio, miti iliyopandwa.

Milimani Umatengo alama hizo zilikuwepo kwa wingi. Wamatengo waligawa ardhi kwa utaratibu wa ntambo, yaani kipande cha mlima kinachoshikwa na ukoo na kugawiwa watoto wa kiume, mipaka yake ikiwa vijito na migongo ya milima. Mashimo ya ngoro yalionekana kutoka mbali, na kahawa ilipoenea tangu miaka ya 1920 ilileta alama yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu mti wa kudumu ni ushahidi unaokua kila mwaka. Mtu aliyeulizwa ardhi yake ni ipi aliweza kunyoosha mkono.

Ufukweni mambo yalikuwa mawili. Nyuma ya mchanga palikuwa na mihogo, miembe na nyumba, na hapo hakuna aliyeshindwa kunyoosha mkono. Lakini mchanga wenyewe, mahali pa kuvutia mitumbwi, kutengeneza nyavu na kuanika usipa, haukuwa na alama ya mtu mmoja kwa sababu haukuwa wa mtu mmoja. Asubuhi ulijaa watu, na jioni ulikuwa mtupu. Kwa macho ya sheria iliyotafuta mwenyewe, mchanga wa jioni ulionekana kama mchanga wa siku zote.

Utawala wa Kiingereza haukubadili mantiki hiyo. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Marekebisho ya 1928 yalitambua kwamba wenyeji wanaoshika ardhi kwa mila wana haki ya kuikalia hata bila hati. Utambuzi huo ulikuwa hatua muhimu, lakini ulijengwa juu ya dhana ya kukalia na kutumia kipande cha ardhi. Haki ya kupita, ya kufikia maji na ya kuanika kwa zamu haikuingia kwa urahisi katika dhana hiyo. Hapakuwa na aliyewazuia wavuvi wa Nyasa kuutumia mchanga wao. Haki yao haikuchukuliwa wala kuandikwa, na kwa kuwa hapakuwa na mshindani, kutoandikwa huko hakukuuma.

Baada ya uhuru mamlaka ya watemi yalifutwa mwaka 1963, na mwaka huohuo umiliki binafsi wa moja kwa moja uliotoka enzi za ukoloni ukageuzwa kuwa wa kukodishwa na dola. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwakusanya watu katika vijiji, na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ikavipa vijiji hadhi ya kisheria. Kwa mwambao wa Nyasa, kijiji kilikuwa chombo cha kwanza cha kisheria kilichoweza kuushika ufukwe kwa niaba ya wote, kwa kuwa ardhi ya kijiji ilishuka hadi majini. Hata hivyo matumizi ya ufukwe yaliendelea kusimamiwa kwa mazoea, na mazoea hayahitaji neno la kisheria mpaka siku yatakapopingwa.

5.0 Mita 60

Sheria mbili za ardhi za 1999, yaani Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Zilirudia msingi kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na zikaigawa katika ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria ya Ardhi iliitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuko wa ziwa au pwani ya bahari miongoni mwa zile zinazohesabiwa kuwa ardhi hatarishi. Miaka mitano baadaye, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 kilizuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo za maji, ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa la asili, mto au bwawa.

Kwa historia ya neno, hapa kuna mageuzi makubwa. Mwaka 1886 pwani ya bahari ilipewa upana wa maili 10. Mwaka 1890 ufuko wa Nyasa haukupewa upana wowote. Sasa, kwa mara ya kwanza, ufuko wa ziwa ulikuwa na upana ulioandikwa: mita 60. Ufukwe ulikuwa umeacha kuwa mstari na kuwa ukanda.

Lakini kipimo kinahitaji mahali pa kuanzia. Mita 60 zihesabiwe kutoka maji ya Mei au ya Novemba? Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa swali. Mahali ambapo nchi inapanda kwa mita 1 katika kila mita 20 za mwendo, tofauti ya kawaida ya maji ya mwaka mmoja, yaani takriban mita 1, husogeza ukingo kwa mita 20, theluthi moja ya ukanda wote. Maji yakipanda mita 3 ndani ya miongo michache, ukanda wote wa mita 60 unakuwa chini ya maji, na nyumba iliyojengwa kihalali nje yake inajikuta ukingoni. Kwa kiwango cha mabadiliko kilichoshuhudiwa kati ya 1915 na 1980, hilo si jambo la kinadharia.

Swali la pili ni la watu. Katazo linagusa shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru hifadhi. Kichanja cha usipa kinachosimikwa msimu huu na kuhamishwa msimu ujao si jengo la kudumu, lakini kazi ya kuanika ni ya kudumu kuliko majengo mengi. Sheria haikutofautisha kwa jina kati ya anayejenga ukuta na anayetandaza samaki, kwa sababu haikuwa na neno la mwalo katika kifungu hicho. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 ndiyo iliyoshughulikia wavuvi, na chini yake vikundi vya BMU vilipewa jukumu la kushiriki katika usimamizi. Katika Kiingereza jina la vikundi hivyo linatokana na ufukwe. Katika Kiswahili cha maofisa wa uvuvi vimejulikana kama vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Katika safari hiyo ya tafsiri ufukwe ulitoka ndani ya jina, na yakabaki samaki. Kikundi chenye mamlaka juu ya nyavu na samaki hakikupata, kwa jina wala kwa ardhi, mamlaka juu ya mchanga kinaposimama.

6.0 Ufukwe Sokoni

Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga, makao yake makuu yakiwa Mbamba Bay. Mbinga ikabaki wilaya ya milimani isiyogusa ziwa, na mwambao ukapata ofisi zake. Kuja kwa ofisi kulileta mahitaji ya viwanja, na barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, sehemu ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, iliyafungua maji kwa magari ya mizigo na ya wageni.

Katika mazingira hayo neno ufukwe lilipata maana mpya. Katika lugha ya madalali wa ardhi wa miji ya pwani ya Tanzania, kiwanja cha ufukweni, au kwa lugha ya mtaani kiwanja cha bichi, ni daraja la mali. Kina bei yake, hadhi yake na mnunuzi wake. Jina hilo linatangulia kuuza mandhari kabla ya kuuza udongo. Lugha hiyo imefika Nyasa ikiwa tayari imekamilika kutoka Dar es Salaam na Zanzibar, na inakuta mchanga usio na jina la kisheria la matumizi yake ya zamani.

Hapo ndipo sifa iliyotajwa mwanzoni inapodai bei yake. Neno ufukwe halina watu ndani yake. Anayesema anauza sehemu ya mwambao angelazimika kueleza ni sehemu ya nani. Anayesema anauza mwalo angeulizwa mitumbwi itakwenda wapi. Anayesema anauza kiwanja cha ufukweni haulizwi kitu, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kuusafisha mchanga.

Kisheria, jina hilo linaahidi zaidi ya linavyoweza kutoa. Kiwanja kilichopimwa kihalali huanza pale ukanda wa mita 60 unapoishia, na mwenye hati ana haki juu ya kiwanja, si juu ya mchanga ulio mbele yake. Lakini uzio wa pembeni unaposhuka hadi majini, au njia ya kwenda ziwani inapofungwa kwa lango, haki hiyo ya mezani hupanuka kwa vitendo. Anayepoteza ni mama anayeanika usipa, ambaye sasa anazunguka mbali zaidi na ndoo kichwani, na mvuvi ambaye mahali pake pa kuvuta mtumbwi pamekuwa mandhari ya mtu mwingine. Hasara yao haionekani katika daftari lolote la ardhi kwa sababu walichokuwa nacho hakikuandikwa humo.

Ni haki kutaja pia upande wa pili. Bandari, nyumba za wageni na barabara vimeleta soko la samaki, ajira na usafiri ambavyo watu wa mwambao walivihitaji kwa miaka mingi, na wenyeji wenyewe ni miongoni mwa wauzaji wa ardhi. Suala si kama ufukwe uendelezwe. Suala ni kama anayeuza nyuma ya mchanga anaweza kuuza na mchanga wa jirani zake kwa nguvu ya neno moja.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa ina mtiririko mmoja. Madola yaliugeuza ufuko wa Nyasa kuwa mstari usio na upana, na mstari huo ukawaachia vizazi vya baadaye mgogoro wa mpaka. Sheria za kikoloni zilitafuta mwenyewe wa kila kipande, na mchanga wa wote ukaonekana hauna mwenyewe. Sheria za baada ya 1999 ziliupa ufukwe upana wa mita 60 kwa ajili ya hifadhi, bila kuwataja wanaoutumia. Soko likachukua neno lililokuwa limebaki tupu na kuliweka bei. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyoamua waziwazi kuwanyima watu wa mwambao mchanga wao. Kila hatua ilitumia neno lililotosha kwa kazi yake, na matumizi ya pamoja yakabaki nje ya maneno yote.

Dawa imo ndani ya sheria zilizopo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakiruhusu kijiji kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiingiza katika rejesta, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaweka utaratibu wa mpango wa kijiji. Kijiji cha mwambao kinaweza kuandika mialo yake, njia za kufikia maji, sehemu za kuanikia usipa na sehemu za kuvutia vyombo, tena kwa kipimo kinachofuata maji ya juu na maji ya chini badala ya mstari mmoja. Pale ambapo ardhi ya kijiji imekuwa au inakaribia kuwa ardhi ya mji, kazi hiyo inapaswa kutangulia upimaji wa viwanja, kwa kuwa njia ikishawekwa ndani ya kiwanja cha mtu hurejeshwa kwa fidia au kwa kesi.

Kwa watafiti, uchunguzi huu unaonyesha kwamba istilahi za ardhi haziwezi kusomwa kama majina matupu ya vitu vilivyopo. Maneno pwani, mwambao, mwalo na ufukwe yote yanaweza kutaja mchanga uleule wa Liuli, lakini kila moja linakabidhi mchanga huo kwa watu tofauti. Rejesta ya kijiji inayoandika mwalo mahali ambapo ramani ya viwanja ingeandika ufukwe inaweka kumbukumbu kwamba mchanga huo una kazi na una wenyewe, hata saa ambayo hakuna mtu aliyesimama juu yake.